Nondo Wanaofanana na Mipaka ya Spishi katika Shamba la Mahindi

Kutofautisha spishi za nondo zilizo karibu kiukoo ni kazi ambayo aghalabu huanza kwa jicho na kuishia kwenye hadubini, na katika mashamba ya mahindi ya Afrika Mashariki ni kazi inayogusa chakula moja kwa moja, kwa kuwa kiuatilifu kitakachonyunyizwa, wakati wa kukinyunyiza na hata adui wa asili atakayeachiwa shambani hutegemea jina atakalopewa mdudu. Spishi, kwa maana inayotumika hapa, ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao kizazi baada ya kizazi bila kuchanganya uzao na makundi mengine katika mazingira yao ya asili, na jenasi ni mkusanyiko wa spishi zenye asili moja ya karibu. Ugumu unatokana na ukweli kwamba mpaka huo wa uzazi hauonekani. Kinachoonekana ni rangi, madoa, umbo la bawa na tabia ya kula, na dalili hizo hazilazimiki kufuata mahali mpaka ulipo: spishi mbili zinaweza kutengana kwa muda mrefu sana huku mabawa yao yakibaki karibu sawa, ilhali ndani ya spishi moja dume na jike, au kiwavi aliyekulia peke yake na mwenzake aliyekulia katika msongamano, wanaweza kuonekana kama wageni kabisa kwa kila mmoja. Kwa hiyo hakuna alama moja inayotosha nyakati zote. Kila alama ina umri, jinsia na mahali ambapo inaaminika, na nje ya hapo hupotosha, tena hupotosha kwa namna ya hatari zaidi kwa kuwa anayeitumia huwa na uhakika.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa jenasi Spodoptera. Mwaka 2016 iliripotiwa kwa mara ya kwanza kwamba Spodoptera frugiperda, mdudu wa asili ya Amerika aliyepewa jina la kisayansi na James Edward Smith mwaka 1797 kutokana na vielelezo vya Georgia, alikuwa ameingia Afrika Magharibi na Kati, na kufikia 2017 alikuwa amekwishaenea Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Nchini Tanzania aliitwa kiwavijeshi vamizi ili atengwe na kiwavijeshi wa siku zote, Spodoptera exempta, ambaye wakulima na wafugaji wa ukanda huu wamemfahamu tangu zamani kwa makundi yake yanayotokea ghafla baada ya mvua za kwanza, yakafyeka malisho na mashamba machanga, kisha yakatoweka. Jamaa hao wawili hawali kwa namna moja. Kiwavijeshi wa asili hushikamana na mimea ya jamii ya nyasi, yaani mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga na malisho, na hula akiwa juu ya jani mahali pa wazi. Kiwavijeshi vamizi amerekodiwa kwenye zaidi ya spishi 350 za mimea, ingawa hupenda zaidi mahindi, na anapokuwa kwenye mahindi hujificha ndani ya moyo wa mmea, pale ambapo majani machanga bado yamejikunja, na kuacha juu yake kinyesi kilicholowa kinachofanana na unga wa mbao. Dawa inayonyunyizwa juujuu humpata wa kwanza bila shida. Wa pili huhitaji dawa ielekezwe ndani ya moyo wa mmea, na mapema, kabla hajakua na kuzama. Katika misimu ya mwanzo ya uvamizi, mahali ambapo mdudu mpya alidhaniwa kuwa yule wa zamani, alitibiwa kwa namna isiyomfaa.

Alama iliyosambazwa zaidi kwa ajili ya kumtambua kiwavijeshi vamizi ni mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa katika uso wa kiwavi. Ni alama rahisi kukumbuka, na ndiyo maana ilichapishwa kila mahali, lakini ni alama dhaifu. Mstari huo hufuata mishono ya asili ya kichwa cha kiwavi, ambapo vipande vya gamba gumu la kichwa hukutana, na mishono hiyo ipo kwa viwavi wote wa nondo. Kinachotofautiana ni kiasi cha weupe kinachozunguka mishono hiyo. Kwa S. frugiperda weupe huo kwa kawaida hukolea, lakini S. exempta naye anao, na viwavi wengine kadhaa wa familia ya Noctuidae wanao kwa viwango mbalimbali. Mtu aliyefundishwa kutafuta Y peke yake ataiona kwa wadudu wasiohusika, na atakuwa ameona kweli. Kasoro iko katika mafundisho yaliyochukua alama ya kusaidia na kuipa kazi ya alama ya kuamua.

Alama yenye nguvu zaidi iko nyuma ya mwili, na inahitaji uvumilivu kidogo. Tumbo la kiwavi lina pingili kumi, na miguu ya uongo, ile minene na laini inayomshikiza kwenye jani, hukaa kwenye pingili ya tatu hadi ya sita na kwenye ile ya mwisho. Ukihesabu kuanzia jozi ya nne ya miguu hiyo, ambayo ni pingili ya sita, na kwenda nyuma kuelekea mkiani, pingili ya pili baada yake ni ya nane. Juu ya mgongo wa pingili hiyo kiwavijeshi vamizi ana madoa manne makubwa meusi yaliyopangika katika mraba. Kila doa ni kitako cha unywele mmoja mgumu, na hapo ndipo elimu ya kweli ya alama hii inapoanza: vinyweleo hivyo vipo pia kwa jamaa zake, tena vinaweza kuwa mahali palepale, kwa sababu mpangilio wa vinyweleo vya mgongoni ni urithi wa familia nzima. Kwenye pingili zinazotangulia, jozi ya mbele ya vitako husogeleana kuliko ya nyuma, hivyo vinne hivyo hufanya trapeza, yaani umbo la pande nne lenye upande mmoja mfupi, na mraba hujitokeza kwenye pingili ya nane. Kinachomtenga S. frugiperda ni kwamba kwake vitako hivyo ni vipana na vyeusi kiasi cha kuonekana bila lenzi, ilhali kwa S. exempta ni vidogo mno na hupotea katika rangi ya ngozi. Anayefahamu jambo hilo hatababaika akiona vitone vinne hafifu kwenye kiwavi mwingine, kwa kuwa atauliza juu ya ukubwa na weusi wa doa, na hatatosheka na kuwepo kwake.

Rangi ya mwili, ambayo ndiyo jicho hushika kwanza, karibu haifai kabisa. Kiwavi wa S. exempta aliyekulia katika msongamano huwa mweusi kama makaa mgongoni, mwenye mistari myembamba ya kupauka ubavuni, na huenda huku na huko bila kutulia. Ndugu yake wa tumbo moja akikuzwa peke yake huwa wa kijani au kahawia na mwenye utulivu. Mabadiliko hayo, ambayo J. C. Faure wa Afrika Kusini aliyaeleza katika viwavi mwaka 1943 kwa kuyalinganisha na yale ya nzige, husababishwa na viwavi kugusana mara kwa mara wakati wa kukua, wala hayana uhusiano na spishi. Mtu anayemjua kiwavijeshi wa asili kwa weusi wake hatamtambua kabisa anapokuwa nadra na wa kijani mwanzoni mwa msimu, ambao kwa bahati mbaya ndio wakati ambao kumtambua kungekuwa na faida kubwa. Kiwavijeshi vamizi naye hukolea weusi anaposongamana, na hivyo ngozi mbili tofauti hukaribiana kwa rangi pale ambapo madhara ni makubwa zaidi. Kwenye gunzi hali huwa tofauti tena, kwa kuwa huko anayechanganywa na kiwavijeshi vamizi ni Helicoverpa armigera, na ngozi husaidia kweli: ya Helicoverpa, ikitazamwa kwa lenzi, ina miiba midogo sana iliyotapakaa kati ya vinyweleo, ambayo Spodoptera hana.

Kuna mgongano hapa ambao vitabu vingi vya mwongozo huupitia haraka mno. Kiwavijeshi vamizi hupitia hatua sita za kujivua ngozi, na madoa ya mraba pamoja na Y ya uso huanza kuwa wazi kuanzia hatua ya tatu. Katika hatua mbili za mwanzo kiwavi ni kiumbe cha milimita chache, chenye kichwa cheusi na mwili wa kijani kilichopauka, na wakati huo hutofautiana kidogo sana na watoto wa spishi nyingine. Lakini hatua hizo mbili ndizo ambazo dawa humuua kwa urahisi, kabla hajazama katika moyo wa mmea. Alama huiva wakati tiba imeanza kuchacha. Jawabu la busara ni kuunganisha ushahidi dhaifu mwingi badala ya kungoja ushahidi mmoja wenye nguvu: vidirisha vyeupe kwenye jani, ambavyo hutokea kiwavi mchanga anapokwangua upande mmoja na kuacha ngozi ya upande wa pili, vilima vya mayai vilivyofunikwa kwa magamba kama kitambaa cha manyoya, hesabu ya nondo wazima waliokamatwa kwenye mitego wiki zilizotangulia, na aina ya mazao yaliyoliwa na yaliyoachwa katika shamba lenye mchanganyiko. Matundu yaliyojipanga mstari mmoja kukatiza jani, ambayo wengi huyahesabu kuwa dalili ya kiwavijeshi vamizi, hayamo katika orodha hiyo, kwa kuwa hutokea kila mdudu anapotoboa jani likiwa bado limejikunja, na bungua wa mabua hufanya hivyohivyo.

Nondo mzima huleta maswali mengine. Bawa la nondo limefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa, na kila gamba lina rangi yake, kwa hiyo mchoro wa bawa hudumu kadiri magamba yanavyodumu. Dume la S. frugiperda aliye mzima ana doa la duaradufu lililoinama, la rangi ya majani makavu, katikati ya bawa la mbele, na baka jeupe karibu na ncha. Jike hana michoro hiyo ya kukolea, bali ni wa kijivu na kahawia isiyo na sifa ya kukamatika, na hapo hukaribiana mno na S. exempta. S. exigua, ambaye naye yupo katika ukanda huu, ni mdogo zaidi na doa lake la katikati ni la duara lenye rangi inayoelekea chungwa. Kwa sababu alama za dume na jike hazilingani, ni lazima jinsia ijulikane kabla ya kusoma bawa, na kuna njia safi ya kuijua: kwenye shina la bawa la nyuma upande wa chini kuna unywele mgumu unaoshikana na bawa la mbele ili mabawa mawili yapige pamoja, na dume ana unywele mmoja mnene, wakati jike ana kadhaa nyembamba. Alama hiyo hubaki hata bawa likiwa limepukutika magamba yote.

Nondo wengi wanaoletwa kwa wataalamu, hata hivyo, wametoka kwenye ndoo za mitego ambamo walipigapiga mabawa usiku kucha, na hapo bawa huwa halina la kusema. Wataalamu hurudi kwenye viungo vya uzazi. Tumbo huvunjwa kwa uangalifu na kuwekwa katika mmumunyo wa hidroksidi ya potasiamu wa takriban asilimia 10, ambao hulainisha na kuyeyusha nyama na mafuta na kuacha sehemu ngumu peke yake; kisha magamba yaliyobaki husafishwa kwa brashi ndogo ndani ya maji au alkoholi, viungo vya dume hufunguliwa kwa sindano mbili nyembamba ili zile bamba mbili anazomshikia jike, ziitwazo valva, zilale bapa, na bomba la kupitishia mbegu huvutwa nje na kulazwa kando yake. Ndipo umbo la kila kipande, ndoano, jino na ukingo wenye vinyweleo, huweza kulinganishwa na michoro ya marejeo, kama ile iliyochapishwa na E. S. Brown na C. F. Dewhurst mwaka 1975 kuhusu jenasi Spodoptera ya Afrika na Mashariki ya Karibu. Tangu karne ya 19, Mfaransa Léon Dufour alipofananisha viungo hivyo na kufuli na ufunguo wake, imedhaniwa mara nyingi kwamba ndivyo vinavyozuia spishi kuchanganyika. Maelezo ya leo hutoa nafasi kubwa zaidi kwa ushindani wa madume na uteuzi wa majike, lakini kwa anayetafuta jina la mdudu sababu si muhimu kuliko tokeo, nalo ni kwamba viungo hivi hubadilika haraka kati ya spishi na spishi huku ndani ya spishi moja vikibaki karibu vilevile. S. littoralis wa Afrika na eneo la Mediterania, ambaye viwavi wake hushambulia pamba na mboga, na S. litura wa Asia ni kielelezo cha nguvu ya njia hii: mabawa yao hayatoi hukumu ya kuaminika, viwavi wao hutofautiana ndani ya spishi moja kuliko wanavyotofautiana kati ya spishi mbili, na mtaalamu hulazimika kupima sehemu za mfereji wa uzazi wa jike au kutazama bamba liitwalo juksta kwa dume.

Nondo wenyewe hawahitaji hadubini. Jike hutoa usiku mchanganyiko wa kemikali uitwao feromoni, na dume wa spishi yake huufuata gizani kwa vipapasio. S. frugiperda na S. exempta wanatumia kiungo kikuu kilekile, asetati yenye mnyororo wa kaboni 14 na kifungo maradufu kwenye kaboni ya tisa. Kinachowatenga ni kiungo cha pili, ambacho kwa S. frugiperda ni asetati ya kaboni 12 na kwa S. exempta ni asetati nyingine ya kaboni 14 yenye vifungo maradufu viwili. Mpaka wa spishi, kwa dume anayeruka, unakaa katika kiasi kidogo cha kimiminika kinachoongezwa juu ya kile wanachoshirikiana. Mitego ya feromoni imejengwa juu ya maarifa hayo, na Tanzania ina historia ndefu ya kuitumia: mtandao wa mitego ya kiwavijeshi wa asili umekuwa ukitumika kutabiri milipuko, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, vilianza kuendesha vyenyewe utabiri huo kwa mtego mmoja na kipima mvua. Lakini chambo kinachouzwa dukani huiga mchanganyiko wa asili kwa makadirio tu, na spishi nyingine zenye viungo vya kufanana nacho huvutwa. Katika mitego ya kiwavijeshi vamizi barani Afrika aliyerekodiwa mara nyingi kuwa mgeni asiyealikwa ni Mythimna loreyi, nondo wa rangi ya majani makavu ambaye akiwa mzima hutambulika bila taabu, ila akiisha kupukutika huhesabiwa pamoja na wengine. Hesabu ya mtego ambayo haikupitiwa na jicho lililofundishwa si hesabu ya spishi, ni hesabu ya nondo waliokubali harufu hiyo, na maamuzi ya kunyunyiza dawa katika wilaya nzima hayapaswi kutegemea namba ya namna hiyo.

Wengi hutumaini kwamba DNA imemaliza mjadala. Tangu mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake walipopendekeza kipande cha jeni ya mitokondria iitwayo COI, chenye herufi 658 kwa wanyama wengi, kitumike kama kitambulisho cha spishi, mguu mmoja wa nondo aliyekauka unaweza kutosha kupata jina, na hata kiwavi wa hatua ya kwanza asiye na alama yoyote hutambulika. Faida hiyo ni kubwa na ni ya kweli. Hata hivyo, kiwavijeshi vamizi mwenyewe ndiye aliyeonyesha mahali faida hiyo inapoishia. Mwaka 1986 Dorothy Pashley alieleza kwamba katika Amerika spishi hii ina makundi mawili yanayofanana kabisa kwa umbo, moja likishikamana zaidi na mahindi na mtama na jingine na mpunga na nyasi za malisho, hata akauliza kama hayakuwa spishi pacha. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba makundi hayo hutofautiana hata kwa saa ya kujamiiana, lile la mahindi likianza mapema usiku na lile la mpunga likichelewa, na kwamba yanaweza kutenganishwa kwa COI au kwa jeni nyingine iitwayo Tpi, iliyo kwenye kromosomu ya jinsia. Sampuli za Afrika zilipopimwa, zilizokusanywa kwa wingi kwenye mahindi, majibu yalipingana: COI ilielekeza kwenye kundi la mpunga kwa sehemu kubwa, na Tpi ikaelekeza karibu yote kwenye kundi la mahindi.

Mgongano huo una maelezo. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo COI husimulia ukoo wa upande wa mama na haijui chochote juu ya baba. Mama wa kundi la mpunga aliyejamiiana na baba wa kundi la mahindi huacha uzao wenye COI ya mpunga, na uzao huo ukiendelea kuzaana na kundi la mahindi, mwili mzima hugeuka wa mahindi huku kitambulisho cha mitokondria kikibaki cha bibi. Wavamizi wa Afrika wanaelekea kuwa wa asili ya mchanganyiko wa namna hiyo, na shambani wanaishi kama walaji wa mahindi, jambo linaloafikiana na Tpi. Serikali iliyosoma COI pekee ingeweza kuwatia hofu wakulima wa mpunga wa Mbarali au Mwea bila sababu ya kutosha. Jeni moja, kama doa moja, ni alama. Ina mahali inapoaminika na mahali inapopotosha.

Hasara ya kuchanganya spishi inaonekana kwa uwazi zaidi katika mabua kuliko katika majani. Ndani ya bua la mhindi au mtama huishi viwavi wa familia mbali mbali, na hatua ya kwanza ya kuwagawa ni kutazama nyayo za miguu ya uongo: vindoano vidogo vya Chilo hupangika katika duara kamili, wakati vya Busseola fusca wa nyanda za juu na vya Sesamia calamistis hufanya nusu duara, na viwavi hawa wawili wa mwisho hawana safu za madoa meusi ambazo Chilo anazo mgongoni. Mpaka huo ni rahisi. Ulio mgumu ni ule ulio ndani ya jenasi Chilo katika pwani ya Kenya na Tanzania, ambapo Chilo partellus, mgeni kutoka Asia aliyerekodiwa barani kwa mara ya kwanza nchini Malawi mnamo 1930, anaishi bua moja na Chilo orichalcociliellus, mwenyeji wa pwani hii. Viwavi wao wenye madoa hukaribiana kiasi kwamba njia ya uaminifu ni kuwakuza hadi wawe nondo, na hapo mwenyeji hujitambulisha kwa magamba yenye mng'ao wa dhahabu kwenye bawa la mbele na pindo linalong'aa, ikiwa bado hayajapukutika. Yakiwa yamepukutika, hurejewa viungo vya uzazi na marekebisho ya jenasi nzima yaliyochapishwa na Stanisław Błeszyński mwaka 1970, ambayo yaliweka mikono ya juksta ya dume kuwa miongoni mwa alama kuu za kuamua.

Utambuzi huo ulikuwa na kazi ya kufanya. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 chini ya Thomas Odhiambo, kilileta kutoka Pakistan nyigu mdogo aitwaye Cotesia flavipes, ambaye hutaga mayai ndani ya kiwavi wa Chilo na vibuu wake wakamla kiwavi kutoka ndani, na mwaka 1993 nyigu huyo akaachiwa katika pwani ya Kenya dhidi ya C. partellus. Huwashambulia pia C. orichalcociliellus na Sesamia calamistis na kufanikiwa kuzaana humo, lakini anapotaga ndani ya Busseola fusca, seli za damu za kiwavi huyazunguka mayai na kuyaua. Nyigu mwenyeji, Cotesia sesamiae, naye hutofautiana ndani ya spishi yake: wa bara hufaulu katika B. fusca, wa pwani mayai yake huzingirwa na kufa. Na nyigu hao wawili, mgeni na mwenyeji, ni vigumu kuwatenganisha kwa jicho kama walivyo bungua wanaowala, hivyo nao huhukumiwa kwa viungo vya uzazi vya dume. Mpango wote wa udhibiti ulisimama juu ya tabaka mbili za utambuzi, la bungua na la adui wake, na kosa katika tabaka lolote lingefanya matokeo ya shambani yasisomeke: kiwango kidogo cha viwavi waliouawa kingeweza kumaanisha nyigu dhaifu, au nyigu hodari aliyetafutwa ndani ya bungua asiye wake.

Uangalifu huohuo ulibadilisha picha ya nyasi za porini. Kwa muda mrefu nyasi zilizozunguka mashamba zilihesabiwa kuwa ghala la bungua wa mahindi, kwa kuwa viwavi wanaofanana nao walipatikana humo, na ushauri wa kuzichoma ulionekana kuwa na mantiki. Bruno Le Ru na wenzake walipokusanya viwavi hao katika nchi za Afrika Mashariki pamoja na Zanzibar na Madagaska, wakawakuza na kuwatambua kwa makini, walichapisha mwaka 2006 orodha ya spishi 135 kutoka kwenye spishi 75 za mimea ya porini, na wengi wao ni wadudu wasiogusa mahindi kabisa. Kwa C. orichalcociliellus nyasi hizo huenda ndizo zinazomhifadhi. C. partellus hukua haraka zaidi na humaliza mapema usingizi wa kiangazi, kwa hiyo katika mahindi na mtama wa pwani amemsukuma mwenyeji hadi akawa wa pili. Lakini majaribio yalionyesha kwamba mwenyeji anaweza kukamilisha maisha yake katika aina mbili za nyasi za asili ambamo mgeni hawezi. Hesabu za mahindi peke yake zinaweza kumfanya aonekane anatoweka, ilhali bado anaishi hatua chache nje ya ukingo wa shamba, ndani ya mabua ambayo hayafunguliwi na mtu, na kila kiwavi mwenye madoa anayetolewa humo ni lazima akuzwe hadi awe nondo ndipo iandikwe kama ni yeye.